Sandwichi ya samaki Mwanza: anza na samaki, mkate baadaye

Ukimuuliza mtu wa Mwanza sandwichi nzuri inapatikana wapi, atakutajia hoteli. Utaenda, utakaa kwenye kiti kizuri, utaletewa pembetatu nne za mkate wa slesi uliochomwa, ndani kuna kuku wa kuchemsha, jani la saladi na kipande cha jibini, na chipsi pembeni za kujazia sahani. Utalipa na utashiba. Lakini hiyo ungeipata Dodoma, Arusha au Nairobi. Hakuna kitu ndani yake kilichotoka ziwani, na Ziwa Victoria lenyewe unaliona ukiwa umekaa palepale.

Sandwichi ya kuhangaikia hapa ni ya samaki: sangara au sato aliyetoka kwenye mafuta sasa hivi, akabanwa ndani ya chapati au skonzi, na kachumbari na pilipili juu yake. Shida ni kwamba hutakuta kibao barabarani kinachoitangaza. Mama wa samaki yuko kona moja, muuza chapati yuko kona nyingine, na kila mmoja ana wateja wake. Kuwaunganisha ni kazi yako. Ndiyo maana mwongozo huu haukupeleki dukani. Unakupeleka kwa samaki, kisha kwenye karai, kisha kwenye chapati, kwa mpangilio huohuo. Wengi huanza na mkate, halafu wanaweka ndani samaki yeyote aliyebaki.

1. Panga saa kabla hujapanga mahali

Mtu akikuambia Mwanza samaki ni wabichi muda wote kwa sababu ziwa liko pale, mwambie aende sokoni saa tisa alasiri akaone mwenyewe. Wavuvi wa nyavu hutega jioni na kutegua alfajiri. Mitumbwi ya karibu huanza kufika mwaloni, yaani ufukweni inakoshusha samaki, kunapopambazuka, na kufikia saa tatu asubuhi wateja wakubwa wameshachukua wanachokitaka. Samaki wa visiwani, kule Ukerewe, Kome, Maisome na kwingineko, huja na boti za kukusanya zenye barafu, na anaweza kuwa amekaa humo siku kadhaa kabla hujamuona wewe.

Barafu usiiogope. Samaki aliyefukiwa kwenye barafu ya kutosha mara tu alipotolewa majini ni bora kuliko aliyevuliwa leo akashinda juani juu ya turubai. Wa kumkwepa ni yule aliyelala kwenye friji la mtaani, umeme ukakatika, akayeyuka, ukarudi, akaganda tena. Huyo ukimkaanga anatawanyika kwenye mafuta, na kwenye mkate anageuka uji.

Kwa hiyo siku ina nafasi mbili. Ya kwanza ni asubuhi, saa kumi na mbili hadi saa nne: unanunua samaki mbichi mwenyewe na kumpeleka akaangwe. Ya pili ni jioni, kuanzia saa kumi na moja, karai zinapowekwa motoni kandokando ya barabara Kirumba, Igogo, Mabatini na mitaa mingine mingi. Mchana katikati, kuanzia saa saba, samaki wengi wa mtaani ni wale waliokaangwa asubuhi. Saa hizo kula wali maharage, hakuna atakayekucheka.

Ukitaka dagaa, angalia na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi nyingi ni za sola na betri, kwa sababu hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu, taa ya mvuvi haifui dafu, hivyo mitumbwi mingi hupumzika mpaka giza lirudi. Siku hizo dagaa wapya huadimika na bei hupanda. Mwenye duka akikuambia katikati ya mbalamwezi kwamba dagaa wake ni wa jana usiku, mtazame vizuri.

2. Amua ni samaki gani

Sangara ndiye samaki wa sandwichi. Najua wenyeji hawatapenda, maana mezani heshima ni ya sato. Mgeni akija, sato mzima huwekwa mbele yake na kichwa chake, sangara hubaki wa siku za kawaida. Lakini sandwichi huliwa kwa kung'ata, na huwezi kung'ata kwa raha huku ulimi unawinda miiba. Sangara ana mifupa mikubwa inayoonekana na nyama nene inayotoka kwa vipande. Ukimtoa mnofu vizuri, mtoto anaweza kumla gizani.

Yeye si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akakaa kimya, kisha miaka ya 1980 akafumuka. Aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, ziliishia tumboni mwake, na nyuma yake vikaja viwanda vya minofu kandokando ya ziwa. Hilo linakuhusu wewe mwenye njaa kwa njia moja: sangara wazuri wenye uzito huwahiwa na mawakala wa viwanda, wanatolewa minofu na kusafirishwa nje, Ulaya ikiwa soko la siku nyingi. Mabondo yake, yaani kile kifuko cha hewa tumboni, huenda Uchina kwa bei ambayo ukiisikia unaweza kudhani mtu anazungumzia madini. Mtaani hubaki mapanki, yaani kichwa na mgongo uliokwanguliwa, ambayo kwa supu ni matamu mno ila kwa mkate hayana kazi. Ukitaka mnofu wa sangara, basi, lazima uwahi au uwe na mtu wako.

Chukua wa kilo mbili hadi nne. Chini ya sentimita 50 kisheria hatakiwi kuvuliwa, na hata ukimpata, nyama yake ni nyepesi na hukauka haraka. Wale wakubwa wa kilo kumi kwenda juu wana mafuta mengi. Ukiwakaanga, mkate unalowa na harufu inakufuata hadi ofisini. Hao waachie sufuria ya mchemsho.

Sato ana nyama tamu zaidi, hilo halina ubishi. Kama una subira ya kumchambua, sandwichi yake inaipita ya sangara kwa ladha. Tafuta wa nusu kilo hadi robo tatu. Wa chini ya sentimita 25 ni haramu kwa sheria ya uvuvi, na wale wa ukubwa wa kiganja unaowaona wamepangwa kwenye ungo mara nyingi ni kazi ya makokoro, zile nyavu za kukokota zinazozoa hata wadogo. Siku hizi pia kuna sato wengi wa vizimba, hasa tangu serikali ianze kuwakopesha watu vizimba vya kufugia ndani ya ziwa. Utawajua kwa kulingana, wote saizi moja utafikiri wamepimwa kwa rula, na wamenona. Nyama yao ni laini zaidi na ladha imepoa kidogo. Kwa kukaangwa na kutiwa pilipili, tofauti hiyo haikuharibii kitu.

Gogogo mwache, miiba yake haina urafiki na mkate. Kambale ni wa mchuzi. Dagaa nitamrudia mbele, maana ana sandwichi yake.

3. Mkague mwenyewe

Mwaloni, pale Kirumba, ndipo samaki wa jiji wanapopita kwa wingi. Ni soko kubwa la jumla, maarufu zaidi kwa dagaa na samaki wakavu. Wafanyabiashara huja kutoka Kongo, Rwanda na Burundi kufunga mizigo. Daladala zinazotoka mjini kuelekea uwanja wa ndege hupita Kirumba. Vaa viatu vya kufunika, chini kuna maji na magamba, na ukisikia filimbi au "pisha!" nyuma yako, hama kwanza ndipo ugeuke, maana toroli lenye magunia halina breki. Makorongo wamesimama pembeni wanasubiri utumbo. Hawana shida na wewe. Ukitaka pasipo na msongamano, nenda Igombe, mbele ya uwanja wa ndege, uwahi mitumbwi.

Usinunue kwa wa kwanza. Zunguka mara moja bila kuuliza bei, ukiangalia tu. Kisha rudi kwa uliyempenda, salimia ipasavyo ("Mwangaluka, mayu", salamu ya asubuhi ya Kisukuma kwa mama, haijawahi kumpandishia mtu bei), na umkague samaki wako hivi.

Anza na mashavu: funua kwa kidole. Yawe mekundu yenye unyevu safi. Yakiwa ya kahawia au yana utelezi wa kijivu, funika na uondoke. Jicho liwe limejaa na kung'aa. Likizama au kufanya ukungu, ameshakaa. Bonyeza nyama ya mgongoni kwa kidole gumba: ikirudi, sawa; ikibaki shimo, si sawa. Tumbo lisiwe limelegea au limepasuka pembeni. Harufu iwe ya ziwa, yaani maji na majani. Ukisikia uchachu au kitu kinachokukumbusha amonia, hata ndimu kumi hazitamrudisha.

Sangara aliyekatwa tayari hana macho wala mashavu ya kukusaidia, hivyo angalia mnofu wenyewe. Uwe mweupe wenye wekundu wa mbali, unang'aa kama umepakwa maji. Kingo zikianza kuwa za njano, mafuta yake yameanza kuchacha. Kama uko ndani ya mfuko wenye barafu ya rangi ya damu, uliyeyuka ukagandishwa tena.

Pembeni huwa kuna vijana wa kuparua. Kwa ujira mdogo wanatoa magamba na utumbo kabla hujamaliza kuhesabu chenji. Waambie mapema unachotaka: kwa sangara sema "nitolee minofu, mgongo na kichwa nifungie", kwa sato sema "mchane mgongoni" ili chumvi iingie na uchambuaji uwe rahisi baadaye. Ule mgongo wa sangara usiuache. Asubuhi inayofuata ni supu.

4. Tafuta karai kwa pua

Hapa ndipo sandwichi nyingi hufia. Samaki mzuri kwenye mafuta ya juzi ana ladha ya mafuta ya juzi.

Simama upande ambao moshi unakuja kwako. Moshi ukiwasha macho na kukaba koo, mafuta yamechoka. Tazama ndani: mafuta yaliyokuwa ya njano yakifanana na chai ya rangi bado yanaweza kutumika, yakiwa meusi na povu linapanda hadi ukingoni na kukataa kushuka, salimia na upite. Sikiliza samaki anapoingia. Mafuta yenye moto wa kutosha hulia papo hapo. Yakinong'ona tu, samaki anayanywa.

Kisha uliza, kwa adabu, swali moja tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu samaki."

"Hawa umewakaanga saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Sasa hivi ya saa ngapi, mama?"

Akicheka na kukuonyesha, "hawa wa juu ni wa mchana, wale kwenye beseni ndio wanaingia," huyo ndiye mama yako. Subiri wa kwenye beseni. Akikasirika, pita mbele. Barabara ina karai nyingine. Kumrudisha wa mchana kwenye mafuta kunamfanya awe wa moto, ila ndani anabaki mkavu kama ubao, na kwenye chapati utaona tofauti kwenye kung'ata kwa kwanza.

Jambo jingine la kumwambia ni kiasi cha kukaanga. Samaki wa kuuzwa mtaani hukaangwa sana makusudi ili akae hadi kesho bila kuharibika. Kwa biashara ni akili. Kwa sandwichi unataka ngozi iliyokauka na nyama yenye maji bado. Sema "usimkaushe, mama, nakula sasa hivi." Mnofu wa sangara wenye unene wa kidole kimoja unatosha dakika tano hadi sita kwenye mafuta ya moto, ukigeuzwa mara moja. Sato mzima wa nusu kilo anataka dakika kumi hadi kumi na tano.

Ukija na samaki wako, kaanga kwa makubaliano: mpe nafasi mama amalizie karai yake kwanza, na ukubaliane ujira kabla. Chumvi, ndimu na kitunguu saumu viwe vimeshapakwa nyumbani nusu saa kabla. Wengi hapa hukaanga bila unga, na kwa sato nawaunga mkono. Kwa mnofu wa sangara napenda vumbi jembamba la unga wa ngano, kwa sababu hauna ngozi ya kuushikilia na ukigeuzwa vibaya unavunjika.

5. Mchambue sato akiwa wa moto

Wa sangara unaweza kuruka hapa.

Sato akipoa, nyama hugandana na mifupa, hivyo kazi ifanyike angali anakuchoma vidole kidogo. Mlaze ubavu. Pitisha kucha au ncha ya kijiko kwenye mstari wa mgongo, kuanzia nyuma ya kichwa hadi mkiani, na utoe lile pezi la juu. Huja zima na vijifupa vyake kama kitana. Sasa sukuma nyama ya juu kuelekea nje, mbali na uti. Inatoka kipande kimoja kinene, safi. Hicho ndicho cha sandwichi. Katikati ya ubavu kuna mstari wa rangi iliyokolea. Chini yake ndipo mbavu zinaanza. Nyama ya hapo itoe taratibu ukiihisi kwa vidole viwili, au ile hapohapo kwa mkono, ni mshahara wa mchambuaji. Geuza ubavu wa pili ufanye vilevile.

Ngozi usitupe. Iliyokaangwa vizuri ivunje vipande na uirudishe juu ya nyama. Kichwa kina mashavu mawili yenye nyama tamu kuliko yote. Hayo hayaingii kwenye mkate wa mtu yeyote.

6. Sasa mkate

Chapati ya kusukuma ndiyo chaguo langu, wala si kwa uzalendo. Ina tabaka, inakunjika, na mafuta yake yanazuia maji ya kachumbari yasipenye haraka. Chapati ya maji ni laini mno, inachanika. Tafuta wauza supu wa asubuhi, kwa sababu anayeuza supu lazima awe na chapati za kweli. Wateja wake wanazichovya, wanajua ikiwa ni ngumu. Ishike kwa ncha mbili na uikunje: ikivunjika kwenye mkunjo ni ya jana. Jioni, chapati za asubuhi zimekaza, lakini dakika moja kila upande kwenye chuma kikavu cha moto inatosha kuzilegeza. Omba muuzaji akupashie, wengi hawakatai.

Skonzi ni ya pili, na kwa sangara wa mnofu mnene inafaa hata zaidi, maana ina kina. Chagua isiyo na sukari nyingi. Ikate katikati, uipake siagi, uibandike upande wa ndani chini kwenye kikaango hadi ipate rangi. Bila hilo, inalowa kabla hujafika nusu.

Slesi ni ya mwisho. Kama huna jingine, ichome.

7. Kachumbari na pilipili

Nyanya, kitunguu, tango ukipenda, ndimu na chumvi. Kabichi iliyokatwa nyembamba inaongeza mlio. Kamua nyanya mbegu zake kidogo, la sivyo maji yote yanaishia kwenye kiwiko chako.

Kachumbari iliyokatwa mbele yako ndiyo ya kula. Ile ya ndoo, iliyokaa tangu mchana na kijiko kimoja kinachopita mikono yote, iache, hasa masika. Hapa simung'unyi maneno: tumbo likivurugika mjini watu husingizia samaki, na mara nyingi samaki hana kosa, alipita kwenye mafuta ya moto. Kachumbari haikupita.

Pilipili ya kusaga ya mama wa samaki ina nguvu kuliko ya chupa. Onja kwa ncha ya kidole kwanza. Parachichi lililoiva, likipondwa na ndimu na chumvi, linachukua nafasi ya mayonezi na kuipita, hasa kwa sato ambaye hana mafuta mengi.

Mpangilio ndani ya chapati: parachichi chini, samaki, ngozi iliyovunjwa, kachumbari iliyokamuliwa, pilipili. Kunja upande wa chini kwanza, kisha pande mbili. Ukiacha chini wazi, utamaliza chakula kwenye suruali.

Ya dagaa

Hii ni ya bei ndogo na wengi hawajawahi kuifikiria. Chagua dagaa waliokaushwa kwenye kichanja au juu ya nyavu, si mchangani. Chota kiganjani, sugua: wa kichanja wanabaki na rangi ya fedha na kiganja kinabaki safi, wa mchanga wanakuachia kokoto. Muuzaji akikuruhusu, dondosha wachache kwenye glasi ya maji na usubiri kidogo. Kitakachotua chini ndicho ambacho meno yako yangekutana nacho.

Toa vichwa na utumbo, osha kwa maji ya uvuguvugu, wakaushe kabisa kwa kitambaa. Kaanga kwa mafuta kiasi hadi walie kwa kukauka, watoe. Kwenye kikaango hichohicho weka kitunguu kingi, nyanya moja, pilipili mbichi, rudisha dagaa, kamulia ndimu, epua kabla nyanya haijawalainisha. Chapati moja ya moto inabeba mikono miwili ya dagaa. Kuna rafiki yangu mwenye asili ya Bukoba ambaye msimu wa senene ukifika huchanganya nusu kwa nusu, na sina la kumpinga.

Kula wapi, kubeba vipi

Ukinunua mjini kati, jiwe la Bismarck liko karibu na kivuko cha Kamanga na pembezoni mwa ziwa pana upepo. Capri Point pametulia zaidi. Lakini ukweli, pahali pazuri pa kula sandwichi hii ni pale pale penye karai, umesimama, kwa sababu kila dakika tano inazokaa chapati inaishiwa nguvu.

Kifungashio kikague. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na wengi walirudia gazeti. Samaki wa moto akifungwa kwenye gazeti hubeba wino. Omba karatasi ya kaki, au njoo na kontena lako lenye mfuniko. Mama wa samaki hatashangaa, wateja wa ofisini hufanya hivyo kila siku.

Kama unasafiri kuelekea Sengerema au Geita, usiiunganishe sandwichi mjini. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kivuko hakikusimamishi tena, unapita kilomita tatu juu ya maji kwa dakika chache, hivyo usitegemee foleni ya kununulia kitu njiani. Beba samaki peke yake kwenye kontena lililoachwa wazi kidogo ili mvuke utoke. Ukiufungia, ngozi yote inalainika. Chapati zifunge kwenye kitambaa. Kachumbari kwenye kopo, bila chumvi, chumvi uitie ukifika. Pilipili ifungwe peke yake, na kifuniko chake ukikaze mwenyewe kabla basi halijatoka stendi ya Nyegezi.